Juma na Wenzake Watatu

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yetu ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni.)

Leo nakuomba usogee karibu na redio yako ukiwa na kipande cha karatasi na kalamu. Kama una mtoto anayesoma shule ya msingi, mwite naye aje asikilize. Tutazungumzia hesabu. Tafadhali usizime redio! Najua wako wengi miongoni mwetu ambao wakisikia neno hesabu hukumbuka fimbo kabla ya kukumbuka namba. Lakini hesabu ya leo haina namba za kutisha. Ina machungwa, ina mchele, ina mikate. Na ndani yake, kama utakavyosikia, umo ugomvi wa watu wazima.

Majuzi mpwa wangu wa darasa la nne alinijia na daftari lake mkononi. Baada ya shikamoo alilifungua, akanionyesha alama ya kosa iliyopigwa kwa wino mwekundu.

"Mjomba," akasema, "hapa nimekosa. Lakini nimerudia mara mbili na jibu ni lile lile."

Nikalisoma swali. Lilisema hivi: Juma na wenzake watatu walinunua machungwa 36 kwa shilingi 7,200. Walichanga fedha sawasawa na wakagawana machungwa sawasawa. Kila mmoja alipata machungwa mangapi, na alitoa shilingi ngapi?

Hebu nawe msikilizaji lifanye kabla sijaendelea. Nakusubiri.

Mpwa wangu alikuwa ameandika kwamba 36 gawanya kwa 3 ni 12, na 7,200 gawanya kwa 3 ni 2,400. Kwa hiyo machungwa 12 kwa kila mmoja, na shilingi 2,400 kwa kila mmoja. Nilipitia ugawaji wake tarakimu kwa tarakimu. Ulikuwa safi kabisa. Hata mwenye duka asingeona dosari.

Sikumwambia kosa liko wapi. Nilimwambia, "Nihesabie watu hawa kwa vidole." Akainua kidole cha kwanza, akasema, "Juma." Halafu akainua vingine, "Wenzake: mmoja, wawili, watatu." Akavitazama vidole vyake, akakuta viko vinne. Akanyamaza. Kisha akacheka, "Kumbe na Juma mwenyewe yumo!"

Naam, Juma mwenyewe yumo. Watu ni wanne. Machungwa 36 kwa watu wanne ni 9 kila mmoja, na shilingi 7,200 kwa watu wanne ni 1,800 kila mmoja. Mtoto yule alifanana na mtu wa hadithi aliyehesabu punda wake njia nzima akimkosa mmoja, kumbe huyo mmoja ndiye aliyempanda.

Ndugu msikilizaji, nataka tutue hapa kidogo. Mtoto huyu alikosea nini? Hakukosea kugawanya. Alikosea kusoma. Wala hatuwezi kusingizia lugha ya kigeni, kwa sababu shule za msingi za serikali, Tanzania Bara, zinafundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. "Juma na wenzake watatu" ni Kiswahili cha nyumbani. Mtoto huyo huyo ukimwambia, "Mpelekee chai Juma na wenzake watatu," atakuja na vikombe vinne. Hatakosea. Kwa nini basi akosee kwenye daftari?

Jibu langu ni kwamba tumemfundisha kuwinda alama badala ya kusoma habari. Akikutana na hesabu ya fumbo, macho yake yanaruka juu ya maneno yakitafuta namba. Anaona 3, anaona 36, anaona 7,200. Kisha anatafuta neno moja la kumwelekeza alama: akiona "jumla" anajumlisha, akiona "zilibaki" anatoa, akiona "sawasawa" anagawanya. Namba ameshika, alama ameshika, basi anaanza kazi. Juma hana namba pembeni yake, kwa hiyo Juma haonekani.

Tunao msaada wetu maarufu unaoitwa MAGAZIJUTO. Wazazi mliosoma hapa mnaukumbuka: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Ni msaada mzuri, wala siupigi vita. Lakini tuelewe kazi yake. MAGAZIJUTO inakwambia alama ipi uanze nayo pale ambapo alama zote zimekwisha kuandikwa mbele yako. Haikwambii alama itoke wapi pale ambapo mbele yako kuna Juma, machungwa na wenzake. Kazi hiyo ni ya kusoma, na kusoma hakuna kifupisho.

Sasa pengine mtu atauliza, machungwa ya Juma yana uzito gani mpaka yazungumzwe redioni? Mtoto amekosa alama moja, kesho atapata. Nami naomba nijibu kwa kisa cha watu wazima. Wahusika sitawataja kwa majina. Nitawaita Mama wa Kwanza, Mama wa Pili na Mama wa Tatu.

Akina mama hawa walikuwa wapangaji katika nyumba moja, mlango kwa mlango. Ilipokaribia sikukuu walikubaliana wapike pilau chungu kimoja, kisha waigawe sawasawa katika masinia matatu, kila mmoja apeleke lake kwa watoto wake. Nyama, mafuta na viungo walikwisha kuvichangia sawa, hapakuwa na neno. Uliobaki ni mchele. Mama wa Kwanza alinunua kilo 5. Mama wa Pili alinunua kilo 3. Bei ilikuwa shilingi 3,000 kwa kilo. Mama wa Tatu siku hiyo hakuwahi kwenda dukani, akasema, "Pikeni tu mashoga zangu, mimi nitatoa fedha ya sehemu yangu."

Pilau ikaiva, ikagawanywa masinia matatu yaliyo sawa, watu wakala, wakashukuru. Jioni Mama wa Tatu, mtu mwaminifu, akapiga hesabu yake. Mchele wote ni kilo 8. Kilo 8 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 24,000. Watu watatu, kila mmoja shilingi 8,000. Akaja na shilingi 8,000 taslimu, akaziweka mkekani, akasema, "Haya, gawaneni."

Hapo ndipo sikukuu ilipoharibika.

Mama wa Pili akasema, "Tugawane nusu kwa nusu, 4,000 wewe na 4,000 mimi, kwani sote wawili tulinunua." Mama wa Kwanza akakataa, "Mimi nimenunua kilo 5, wewe 3. Tutakuwaje sawa?" Akaitwa mwenye nyumba, mzee wa heshima. Mzee akafikiri, akasema, "Jambo hili ni rahisi. Fedha ni elfu nane na kilo ni nane. Aliyenunua kilo 5 achukue 5,000, na aliyenunua kilo 3 achukue 3,000." Wote waliokuwapo wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama wa Pili akazichukua 3,000 zake.

Msikilizaji, wewe unasemaje? Mzee amehukumu haki?

Mama wa Kwanza hakuridhika, ila hakuweza kueleza kwa nini. Usiku ule hakulala vizuri. Kesho yake alimweleza muuza duka aliyewauzia mchele. Yule muuza duka hakuchukua hata kalamu. Akauliza swali moja tu: "Mama, mlikubaliana kila mmoja abebe shilingi ngapi?"

"Elfu nane."

"Wewe ulinipa mimi ngapi?"

"Elfu kumi na tano."

"Basi ukirudishiwa elfu saba, utakuwa umebeba elfu nane. Mwenzako alinipa elfu tisa. Akirudishiwa elfu moja, naye atakuwa amebeba elfu nane. Saba na moja ni nane. Hesabu imekwisha."

Tuthibitishe pamoja. Kwa hukumu ya mzee, Mama wa Kwanza alitoa 15,000, akarudishiwa 5,000, kwa hiyo alibeba 10,000. Mama wa Pili alitoa 9,000, akarudishiwa 3,000, akabeba 6,000. Mama wa Tatu alibeba 8,000. Je, elfu kumi, elfu nane na elfu sita ndiyo sawasawa? La hasha! Na masinia yalikuwa sawa. Haki ilikuwa 7,000 kwa Mama wa Kwanza na 1,000 kwa Mama wa Pili.

Kosa la mzee lilikuwa nini? Ni lile lile la mpwa wangu. Kwa Juma, asiyeonekana alikuwa mnunuzi mmoja. Hapa, kisichoonekana ni kwamba Mama wa Kwanza na Mama wa Pili nao walikula. Zile shilingi 8,000 hazikuwa bei ya kilo zote 8. Zilikuwa bei ya sinia moja tu, sinia la Mama wa Tatu. Swali halikuwa "nani alinunua kiasi gani?" Swali lilikuwa "mchele uliojaza sinia la Mama wa Tatu ulitoka kwa nani?" Mama wa Pili alinunua kilo 3 na karibu zote alizila mwenyewe, alichompa mwenzake ni theluthi moja ya kilo.

Kwa masikitiko nawaambia kwamba hesabu hiyo sahihi ilifika ikiwa imechelewa. Mama wa Kwanza aliporudi nyumbani na jibu la muuza duka, Mama wa Pili aliliona kama njama ya kumnyang'anya fedha aliyokwisha kupewa na mzee mbele ya watu. Maneno yakatoka ambayo hayarudi mdomoni. Kwa miezi kadhaa milango ile miwili iliyotazamana haikusalimiana. Hakuna aliyekuwa mwizi. Hakuna aliyekuwa mwongo. Palikuwa na hesabu ya fumbo ambayo watu wazima watatu na mzee wao hawakuisoma vizuri.

Na ajabu ni kwamba fumbo hili ni la kale mno. Katika masimulizi ya Waarabu husimuliwa kwamba watu wawili waliketi kula, mmoja ana mikate 5, mwenzake ana mikate 3. Akapita mtu wa tatu, wakamkaribisha, wakala wote sawasawa. Mgeni alipoondoka akawaachia dirhamu 8. Mwenye mikate 5 akataka tano, ampe mwenzake tatu; mwenzake akataka nusu kwa nusu. Husimuliwa kwamba shauri lao lilipelekwa kwa Imam Ali bin Abi Talib, naye akahukumu dirhamu 7 kwa mmoja na dirhamu 1 kwa mwingine. Aliwaeleza hivi: kateni kila mkate vipande vitatu, mtapata vipande 24, na kila mmoja wenu alikula vipande 8. Mwenye mikate 5 alikuwa na vipande 15; alikula 8, akampa mgeni 7. Mwenye mikate 3 alikuwa na vipande 9. Alikula 8, akampa mgeni kimoja.

Ndugu zake fumbo hilo walivuka bahari. Mtaliano Leonardo wa Pisa, ambaye wengi humwita Fibonacci, alijifunza tarakimu tunazotumia leo akiwa kijana huko Bugia, mji wa pwani ya Afrika Kaskazini ambao leo unaitwa Béjaïa, nchini Algeria. Mwaka 1202 aliandika kitabu cha hesabu, na ndani yake mna watu wawili, mmoja na mikate 3, mwingine na mikate 2. Akaja askari, wakala naye sawasawa, akaacha sarafu 5. Jibu lake ni sarafu 4 kwa mmoja na sarafu 1 kwa mwingine. Msikilizaji, kata kila mkate vipande vitatu uone kama hutalifikia.

Turudi nyuma zaidi, tena hapa hapa Afrika. Kuna kitabu cha hesabu cha Misri ya kale, kilichoandikwa juu ya mafunjo na karani aliyeitwa Ahmes, kiasi cha miaka 3,500 iliyopita. Mskoti mmoja, Alexander Henry Rhind, alikinunua huko Luxor mwaka 1858, na leo kimo katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London. Je, hesabu za mwanzo mwanzo ndani yake ni zipi? Ni za kugawa mikate sawasawa kwa watu 10: mkate mmoja kwa watu 10, mikate 2 kwa watu 10, kisha mikate 6, 7, 8 na 9.

Chukua ile ya mikate 6. Mtoto wetu wa leo ataandika sita ya kumi, akafunga daftari. Ahmes alisema kila mtu apate nusu mkate na sehemu moja ya kumi ya mkate. Maana yake ni kwamba mikate 5 inakatwa katikati, zinapatikana nusu 10. Mkate wa sita unakatwa vipande 10 vidogo. Kila mtu anaondoka na nusu moja na kipande kidogo kimoja. Ukiwapanga mstari, hakuna anayemtazama mwenzake kwa kijicho, kwa sababu vipande vyao vinafanana kwa ukubwa na kwa idadi. Hapo hesabu imefanya kazi mbili: imetoa jibu sahihi, na imetoa jibu ambalo kila mtu anaweza kuliona kwa macho kuwa ni haki.

Lakini tusidhani kila kitu ni mkate. Hapa pana mtego mwingine wa hesabu hizi, nao ni baki. Ukiwa na daftari 38 kwa watoto 5, kila mmoja anapata 7 na zinabaki 3. Huwezi kuzikata. Daftari tatu zilizobaki si kosa la hesabu. Ni sehemu ya jibu, na inabidi watu waamue: ziwekwe akiba, au ziuzwe fedha igawanywe. Na tazama baki hiyo hiyo inavyobadilika sura. Daftari zinauzwa kwa bunda la 10, nawe una watoto 38 wa kupewa daftari moja moja. Utanunua mabunda mangapi? Ugawaji unasema 3, baki 8. Ukinunua mabunda 3, watoto 8 wataondoka wanalia. Jibu ni mabunda 4, na daftari 2 zitazidi. Namba ni zile zile za kugawanya, lakini aliyekwambia uongeze bunda moja si MAGAZIJUTO. Ni wale watoto 8.

Ndugu wazazi na walimu, kwa miaka mingi hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yanayotuangusha vibaya katika mtihani wa kidato cha nne. Sababu ni nyingi, na mwalimu mwenye watoto tele darasani hawezi kubebeshwa zote. Lakini liko jambo tunaloweza kulifanya nyumbani, halina gharama, na hata mzazi aliyeishia darasa la saba analiweza.

Mtoto akija na hesabu ya fumbo, kwanza mnyang'anye kalamu. Mwambie akusimulie habari hiyo kwa maneno yake, bila kutaja namba. Nani walikuwapo? Walifanya nini? Ikiwa hawezi kusimulia, bado hajaisoma.

Pili, ahesabu watu kwa vidole, pamoja na yule anayetajwa jina peke yake. Tatu, aseme kinachogawanywa ni nini hasa: ni vitu, au ni gharama, au ni deni? Vitu vinaweza kugawanywa sawa wakati fedha zilizotolewa hazikuwa sawa. Nne, aulize kama kitu hicho kinakatika au hakikatiki, ili ajue la kufanya na baki.

Hapo ndipo umrudishie kalamu.

Na tano, akishapata jibu, alirudishe kwenye habari. Mpwa wangu angezidisha machungwa 12 kwa watu wanne angepata 48, naye Juma alinunua 36. Yale 12 ya ziada yangetoka mti gani? Mzee wetu naye angemuuliza kila mama, "Mwishoni umebeba shilingi ngapi?" angesikia kumi, nane na sita, na shauri lingekwisha pale pale mkekani.

Neno sawasawa ni jepesi mdomoni, na tunalitumia kila siku: kwenye mchango wa harusi, kwenye mchezo wa kupeana, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kwenye shamba la marehemu baba. Mtoto anayejifunza leo kwamba sawasawa maana yake ni "tafuta namba ndogo ugawanye kwayo", ndiye kesho atakayekuwa mweka hazina wa kikundi, au mzee wa heshima anayeitwa kuamua. Tumfundishe kusoma kabla ya kugawanya.

Nawaacha na swali la nyumbani. Bibi amenunua mikate 7 na ana wajukuu 10. Anataka awagawie sawasawa, na wajukuu wanataka vipande vya kila mmoja vifanane na vya mwenzake kwa ukubwa na kwa idadi. Bibi aikate vipi, bila kuukata mkate hata mmoja zaidi ya vipande vitano? Fanyeni na watoto, wiki ijayo tutasahihisha pamoja. Mpwa wangu amekwisha kuanza. Kwanza amehesabu wajukuu, kisha akaniuliza, "Mjomba, na bibi mwenyewe hali?"

Nikamwambia swali halikusema hivyo. Lakini nimefurahi sana kwamba ameuliza.

Kwa leo, kwa herini.